Miaka 18 ni mapema mno: kuhusu kuwasubiri chipukizi wa hoki ya barafuni

Kila mwaka kiangazi kinapoanza, timu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni huku Amerika Kaskazini, hugawana vijana kwa zamu, katika kinachoitwa uteuzi. Kuna raundi saba, na zinapomalizika yanakuwa yametajwa majina zaidi ya 200, mengi yakiwa ya vijana ambao ndio kwanza wametimiza miaka 18. Kesho yake asubuhi magazeti na redio za michezo huwa zimekwisha kutoa alama: timu hii imefanya vizuri, ile imepoteza nafasi yake. Kijana akipitisha misimu miwili bila kuonekana katika timu ya wakubwa, washabiki huanza kumwita hasara. Naamini desturi hiyo ni kosa kubwa, kimchezo na kibinadamu, na mji ninaoishi, Winnipeg katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, una ushahidi wa kutosha wa kulionyesha.

Winnipeg ni mji wenye Waswahili wengi, hasa waliotoka Kongo ya mashariki na Burundi, na wengi wetu tulifika hapa tukiwa hatujui mchezo mwingine wa kushabikia zaidi ya mpira wa miguu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuitazama hoki ya barafuni, inatosha kusema kwamba kila upande huwa na wachezaji watano na golikipa mmoja, wote wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, na wanagombania kwa magongo kisahani cheusi cha raba. Wachezaji hupokezana uwanjani kila baada ya muda usiofika dakika moja, kwa kuwa kasi yake haimruhusu mtu kukaa zaidi. Msimu wa kawaida una mechi zaidi ya 80 kwa kila timu kabla ya hatua ya mtoano ya kuwania Kombe la Stanley.

Timu yetu inaitwa Jets. Ile ya kwanza iliyokuwa na jina hilo ilihamishiwa Phoenix mwaka 1996, na mji ukakaa miaka 15 bila timu ya NHL, mpaka mwaka 2011 ilipoletwa timu iliyokuwa Atlanta. Watu waliokwisha kusubiri kiasi hicho hawakuwa na hamu ya kusubiri tena, na hilo linaeleweka. Hata hivyo, jambo la kwanza ambalo meneja mkuu mpya, Kevin Cheveldayoff, aliwaomba bila hata kulitamka lilikuwa wasubiri.

Mchezaji wa kwanza kuteuliwa na Jets hao wapya, Juni 2011, alikuwa Mark Scheifele, kiungo aliyezaliwa Machi 1993, akachukuliwa wa saba. Wa nane, aliyekwenda Philadelphia, alikuwa Sean Couturier, ambaye aliingia moja kwa moja katika timu ya wakubwa na kucheza mechi 77 msimu huohuo. Wa pili katika uteuzi ule, Gabriel Landeskog wa Colorado, alimaliza mwaka akiwa na tuzo ya chipukizi bora wa ligi. Scheifele alicheza mechi saba tu, akarudishwa Barrie, Ontario, katika ligi ya vijana. Msimu uliofuata alicheza nne, akarudishwa tena. Mtu aliyetaka kusema kwamba Winnipeg imekosea hakuhitaji akili nyingi. Alitazama tu majina yaliyotajwa kabla na baada ya la Scheifele.

Yanayofanyika wakati wa kusubiri ni muhimu kuliko urefu wa kusubiri wenyewe, na Barrie inafundisha hilo vizuri. Kocha wa timu ile alikuwa Dale Hawerchuk, nyota mkubwa wa Jets wa zamani, mtu aliyecheza nafasi ileile ya kiungo na aliyejua shinikizo la kuwa tumaini la mji huu tangu akiwa kijana. Kwake Scheifele alipata dakika nyingi uwanjani, alicheza katika kila hali ngumu, na alipata nafasi ya kujaribu jambo, kulikosea na kulijaribu tena Jumamosi inayofuata. Angebaki Winnipeg angekaa benchi muda mwingi, akiingizwa kwa dakika chache na kuogopa kupoteza kisahani. Alipopanda moja kwa moja msimu wa 2013–14 alipata pointi 34, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Kisha akapata 49, kisha 61, na msimu wa 2016–17 akafika 82. Ukiisoma hesabu hiyo ukijua mwisho wake, unaona ngazi iliyonyooka. Ukiwa ndani yake, mwaka 2013, huoni ngazi yoyote, na hapo ndipo mtu anapojaribiwa.

Wakati Scheifele anashika kofia na jezi mpya mbele ya kamera, kulikuwa na kijana mwingine aliyezaliwa miezi miwili tu baada yake, Mei 1993, ambaye naye alikuwa na haki ya kuteuliwa mwaka ule wa 2011. Hakuna timu iliyomtaja katika raundi zote saba. Alikuwa golikipa wa timu ya shule ya sekondari katika jimbo la Michigan, na baada ya shule alikwenda kudaka Odessa, Texas, mahali ambapo mtu angetarajia visima vya mafuta kuliko barafu. Jina lake ni Connor Hellebuyck. Jets walimchukua mwaka 2012 katika raundi ya tano, akiwa wa 130, kisha wakamwacha asome. Alikaa misimu miwili katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kampasi ya Lowell, na mwaka 2014 akapewa tuzo ya golikipa bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Msimu uliofuata alipelekwa St. John's, Newfoundland, katika AHL, ligi iliyo chini ya NHL ambako kila timu kubwa huwa na timu yake ya kulelea wachezaji, na huko akadaka mechi 58. Hakuna golikipa kijana anayeweza kupata mechi nyingi hivyo kwa kukaa akimtazama mkongwe.

Hata baada ya kupanda mambo hayakunyooka. Msimu wa 2016–17 alipokuwa golikipa namba moja kwa mara ya kwanza, aliokoa asilimia 90.7 ya mikwaju, kiwango ambacho kwa msomaji wa kawaida kinaonekana kikubwa lakini kwa golikipa wa NHL ni cha kutilia shaka. Kiangazi cha mwaka 2017 timu ikamsajili Steve Mason, mtu mwenye uzoefu, awe mbele yake. Hellebuyck akapewa mkataba wa mwaka mmoja tu. Nakumbuka vizuri mazungumzo ya wakati ule, kazini na kwenye basi. Wengi walikuwa wamekwisha kumfungia faili. Mason akaanza msimu vibaya, Hellebuyck akarudi golini, na msimu ule akashinda mechi 44. Baadaye alitwaa tuzo ya Vezina, ya golikipa bora, mwaka 2020, 2024 na 2025, na mwaka huo wa 2025 akatwaa pia tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani zaidi katika ligi nzima, golikipa wa kwanza kuipata tangu Carey Price wa Montréal miaka kumi kabla yake.

Nimesimulia kwa urefu habari za vijana hawa wawili kwa sababu walizaliwa majira yaleyale, wakaja mji uleule, na njia zao hazifanani hata kidogo. Mmoja alisubiriwa akiwa anajulikana, mwingine alisubiriwa akiwa hajulikani. Anayesema kwamba wachezaji wa kweli hujitokeza wakiwa na miaka 19 angewakosa wote wawili.

Kyle Connor nitamtaja kwa ufupi tu. Aliteuliwa wa 17 mwaka 2015, akang'ara chuoni Michigan, kisha akaanza msimu wa 2016–17 na Jets na kufunga mabao mawili katika mechi 20. Akateremshwa AHL, akafunga 25 katika mechi 52, na mwaka uliofuata akafunga 31 katika NHL. Kuteremshwa hakukuwa adhabu, ingawa magazetini kuliandikwa kama adhabu.

Kwa nini basi timu huharakisha? Sababu si ujinga. Mkataba wa kwanza wa kijana wa miaka 18 ni wa miaka mitatu na mshahara wake una kikomo, na kwa kuwa jumla ya mishahara ya timu nzima nayo ina kikomo, kila mwaka ambao kijana mzuri anacheza kwa bei nafuu ni fedha za kumlipa mtu mwingine. Kuna pia kanuni inayosema kwamba baada ya muda fulani mchezaji hawezi kuteremshwa AHL mpaka kwanza atangazwe kwa timu nyingine zote, na yoyote kati yao inaweza kumchukua bila kutoa mchezaji badala yake. Timu inayoogopa kumpoteza kijana hivyo humbakiza juu akae benchi, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote. Kwa wale wanaotoka katika ligi za vijana za Kanada, kwa miaka mingi ilikuwa marufuku kuwapeleka AHL kabla ya miaka 20, kwa hiyo uamuzi ulikuwa mmoja kati ya miwili: NHL, ambako ni pagumu mno, au kurudi ligi ya vijana, ambako pengine ni rahisi mno. Na kuna kocha. Meneja huhesabiwa kazi yake kwa miaka mitano, kocha huhesabiwa kwa wiki tatu, na kocha aliyepoteza mechi nne mfululizo atampanga beki wa miaka 33 ambaye hatamshangaza kwa jema wala kwa baya.

Winnipeg ina bahati ambayo miji mingi haina. Timu ya AHL ya Jets, Manitoba Moose, tangu mwaka 2015 inacheza katika uwanja uleule wanaochezea wakubwa, na tiketi zake ni nafuu kiasi kwamba mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuketi karibu na kioo Jumapili mchana na watoto wake. Hapo ndipo nilipojifunza kutazama ukuaji wa mchezaji, na hasa wa beki.

Kazi ngumu kuliko zote ya beki kijana huanza pale kisahani kinapotupwa kwenye kona nyuma ya goli lake. Anapaswa kukikimbilia akiwa amewapa mgongo watu wote, huku nyuma yake anakuja mshambuliaji mwenye kilo 95 aliyekusudia kumbana ukutani. Msimu mmoja nilikuwa namfuatilia beki wa miaka 20, ambaye jina lake nitalihifadhi. Mwezi Oktoba alikuwa anakwenda kwenye kona macho yakiwa kwenye kisahani tu, anafika, anageuka, na kumkuta adui usoni. Mara nyingi alikipiga ovyo kuzunguka ukuta, na kikaishia kwa wapinzani. Kufikia Desemba alikuwa ameanza kugeuza shingo mara moja kabla ya kufika. Februari alikuwa anageuza mara mbili, begani kulia kisha kushoto, na safari ya mwisho kuelekea ukutani alikuwa akipunguza kasi makusudi, kiasi cha hatua moja, ili mshambuliaji achague upande, kisha yeye akatokea upande wa pili. Katika muda wote huo hakufunga bao hata moja nililoliona. Jedwali la takwimu lilimwonyesha kuwa mtu yuleyule wa Oktoba, wakati aliyekuwa mbele ya macho yetu alikuwa mchezaji mwingine kabisa. Mabao ya fowadi huonekana hata na mtu aliyechelewa kufika uwanjani. Shingo ya beki inataka mtu aliyekuwapo tangu mwanzo wa msimu.

Mabeki na makipa huchelewa kukomaa kwa sababu kazi yao ni kutambua mambo kabla hayajatokea, na utambuzi huo haupatikani mazoezini. Hupatikana kwa kufungwa. Nicklas Lidström aliteuliwa na Detroit mwaka 1989 akiwa wa 53, akaachwa Uswidi hadi mwaka 1991, kisha akapata tuzo ya beki bora mara saba. Zdeno Chára, mwenye urefu wa sentimita 206, aliteuliwa wa 56 mwaka 1996. Timu iliyomteua ikamtoa mwaka 2001 kabla mwili wake mrefu na akili yake havijaelewana, na mwaka 2011 aliliinua Kombe la Stanley akiwa nahodha wa Boston. Detroit hiyohiyo ya Lidström iliwapata Pavel Datsyuk akiwa wa 171 na Henrik Zetterberg akiwa wa 210, ikawaacha wote wawili wakue kwao, Urusi na Uswidi, mpaka walipokuwa wanaume. Watu husifu macho ya waliowagundua. Mimi nasifu zaidi utulivu wa waliokubali kutowaleta mapema.

Umri wenyewe nao una hila yake. Nchini Kanada watoto hugawanywa katika timu kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari, na tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakionyesha kwamba katika timu teule za vijana waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka ni wengi kupita kiasi. Sababu ni nyepesi: mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wanatofautiana karibu mwaka mzima, lakini wanapimwa siku moja kwa kipimo kimoja. Mkubwa huchaguliwa, akichaguliwa hupata kocha bora na muda zaidi wa barafu, na baada ya miaka mitano tofauti iliyokuwa ya umri imekuwa tofauti halisi ya uwezo. Mwanangu alizaliwa Novemba. Nimekaa jukwaani nikisikia wazazi wakisema mtoto fulani hana mchezo, na mtoto mwenyewe ana miaka tisa. Kwa watoto wa wahamiaji jambo hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa wengi wao huvaa viatu vya barafuni kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka minane au tisa, katika viwanja vya nje vya vituo vya jamii, wakati wenzao walianza wakiwa na mitatu. Wanachelewa kwa kalenda tu, na hilo halisemi lolote kuhusu watakavyokuwa wakifika miaka 20.

Mfano ninaoupenda kuliko wote nje ya Winnipeg ni wa Tage Thompson. St. Louis walimteua wa 26 mwaka 2016, na Julai 2018 wakampeleka Buffalo pamoja na wengine ili wampate Ryan O'Reilly. Mwaka uliofuata O'Reilly aliiongoza St. Louis kutwaa Kombe la Stanley na kuchaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano, huku Thompson, kijana wa karibu mita mbili ambaye miguu na mikono yake ilikuwa bado haijakubaliana, akifunga mabao saba katika mechi 65. Kisha akaumia bega na kupoteza karibu msimu mzima. Kila alipogusa kisahani, watu wa Buffalo walimwona O'Reilly asiyekuwapo. Kocha Don Granato alipochukua timu alifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa mapema: alimtoa pembeni, alikokuwa akicheza kama winga, akamweka katikati, mahali ambapo mtu mrefu mwenye mikono myepesi anapata nafasi ya kuitumia. Msimu wa 2021–22 Thompson alifunga mabao 38, uliofuata 47. Uvumilivu wa Buffalo peke yake usingefaa kitu bila mtu wa kuuliza kama kijana yule alikuwa amewekwa mahali pake.

Montréal nao walichagua njia tofauti. Walimteua Juraj Slafkovský wa Slovakia kuwa wa kwanza kabisa mwaka 2022, mbele ya washabiki wao wenyewe, na wengi wao walikuwa wakimtaka mwingine. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa pointi 10 katika mechi 39, kisha akaumia goti. Wangeweza kumpeleka AHL. Walimbakiza, chini ya kocha Martin St. Louis, ambaye mwenyewe hakuwahi kuteuliwa na timu yoyote, aliachwa na Calgary, kisha akawa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote mwaka 2004 na tena mwaka 2013 akiwa na miaka 37. Msimu wa pili Slafkovský alimaliza na pointi 50, nyingi zikija baada ya mwaka mpya. Kwa hiyo sidai kwamba kila kijana ateremshwe. Nadai kwamba anayemlea ajue sababu ya kumweka alipo.

Wapo pia ambao hawafiki. Kristian Vesalainen wa Ufini aliteuliwa na Jets katika raundi ya kwanza mwaka 2017, akajaribiwa juu na chini kwa miaka kadhaa, na mwaka 2022 akarudi kucheza Ulaya. Ni mchezaji mzuri aliyepata riziki yake mahali pengine, na sioni sababu ya jina lake kutajwa kwa dhihaka. Kwangu mimi, wakati wa kuacha kusubiri hufika pale ambapo vuli mbili zinapita na mambo ambayo yako ndani ya uwezo wa kijana hayajabadilika: kasi ya kuamua, namna anavyorudi kukaba baada ya kupoteza kisahani, nguvu ya miguu. Ukosefu wa mabao pekee haunitoshi kuwa ushahidi, na wala majeraha hayanitoshi.

Kwa sasa jina linalozua mabishano zaidi miongoni mwetu ni Brad Lambert, fowadi aliyekulia Lahti, Ufini. Kuna wakati alitajwa kuwa mmoja wa vijana bora wa kizazi chake. Siku ya uteuzi mwaka 2022 alishuka mpaka nafasi ya 30. Msimu wa 2023–24 alipata pointi 55 katika mechi 64 za Moose, na watu wakasema Jets wameokota dhahabu. Msimu uliofuata pointi zilipungua, na watu walewale wakasema hafai. Amezaliwa Desemba 2003. Connor Hellebuyck alikuwa na miaka 24 alipolitwaa goli lake moja kwa moja, na Tage Thompson alikuwa na miaka 24 pia alipofunga yale mabao 38. Iwe ni Winnipeg au kwingineko, nitaendelea kumtazama Lambert angalau mpaka afikishe umri huo.